Vidole Ndani ya Buti ya Kulia

Jumapili moja ya Desemba 2009, saa nne asubuhi, Hidaya alikuwa amechuchumaa mbele ya turubai la Onésime, muuza viatu vya mitumba, kwenye soko la Gare du Midi, akimimina maji ya chupa juu ya buti moja baada ya nyingine. Alimimina, akangoja, akatia mkono ndani. Palipolowa, aliirudisha. Onésime alimwacha aendelee. Wateja wake wengi walichagua viatu kwa macho tu, na kila Januari walirudi kumtukana.

"Ya dada," alisema mwishowe, "weye unatafuta ya kwenda église, kusali, ao ya kazi?"

"Ya kazi. Ya kukatia kuni msituni, kwenye theluji."

"Kuni? Huku Bulaya?" Onésime alicheka mpaka akashika kiuno. "Miye nilikimbia kuni kule Uvira, weye unazifuata mpaka huku! Bon. Alors, chagua muzuri. Theluji haina huruma ya mutu."

Hidaya hakuwa na haraka. Alikuwa na miaka ishirini na sita. Alisoma Buyenzi, Bujumbura, mpaka darasa la sita, na tangu afike Brussels alikuwa amejifunza kwamba asiyeweza kusoma upesi lazima ajue kutazama polepole. Buti za mpira alizikataa, kwa sababu mpira huzuia maji lakini baridi huipitisha. Za jeshi alizikataa kwa kuwa mbele hazikuwa na chuma, na gogo likianguka halichagui pa kuangukia. Za tatu zilikuwa na manyoya ndani, laini kama mto wa kulalia. Alizivaa, akasimama juu ya barafu kando ya njia, akateleza, akazivua.

Za nne zilikuwa za ngozi ya kahawia. Zilifunika vifundo vya miguu, soli yake ilikuwa na meno marefu, na maji yalipita juu yake kama yanavyopita juu ya bata. Kamba ya buti ya kulia ilikuwa imekatika, mtu akaifunga kwa waya wa shaba. Zilikuwa namba arobaini na moja. Hidaya alivaa thelathini na nane, lakini buti ya theluji lazima iache nafasi ya soksi ya pili. Alivaa soksi mbili, akatia mguu wa kushoto, ukakaa vizuri. Alipotia wa kulia alikuta vidole vya mtu mwingine mbele. Vilikuwa vitano, vya baridi kidogo, vimejipanga kwa utulivu kama watu wanaongoja tramu.

"Hii ya kulia mna mtu," alisema.

"Iko mutu, lakini kidogo tu," alisema Onésime. "Haiko mutu muzima. Ndio maana nauzisha euro vingt-cinq, makumi mbili na tano tu. Ingekuwa bila ye, soixante, makumi sita."

"Ni mkorofi?"

"Hapana! Ni mupole. Jana nilizivaa miye mwenyewe, hakunisumbua."

"Ni mwanamume?"

"Gumba kama lile, unafikiri ni la maman?"

Hidaya alifikiri kidogo, kisha akazinunua, pamoja na soksi ya tatu, nene, ya sufu. Kati ya mwanamke na mwanamume asiyemjua lazima pawe na pazia.

Buti hizo alizinunua mwenyewe kwa sababu kampuni ya kuni aliyokuwa anakwenda kuifanyia kazi iliwapa buti wenye mkataba tu. Mkataba walipewa waliomaliza majira ya baridi bila kukosa siku hata moja. Na majira ya baridi hayamaliziki bila buti. Msimamizi alimweleza hayo bila ubaya wowote, kama mtu anayeeleza saa za basi. "Ukifika mwisho wa Februari bila kukosa," alisema, "nitakuandikia mkataba wenye jina lako." Faili la Hidaya la kuomba ukaazi katika ofisi ya mtaa lilikuwa na kila kitu isipokuwa karatasi hiyo moja. Lisipokamilika kabla ya Machi, ingekuja barua ya kumwambia aondoke nchini.

Jumatatu alipanda tramu mpaka mwisho wa njia, akaingia kwa miguu katika msitu wa Soignes. Wanaume waliangusha miti kwa misumeno ya mota. Yeye alivuta matawi, alipasua magogo, na kupanga kuni katika mafungu yaliyonyooka. Msimamizi aliwahesabu watu asubuhi kwa kutazama nyayo zao, kwa kuwa nyuso zote zilikuwa zimefungwa skafu. Alipofika kwa Hidaya alisimama. Wayo wake wa kushoto ulikuwa mwepesi. Wa kulia ulikuwa umezama.

"Hapa mko wawili," alisema.

"Ndiyo."

"Basi mtapanga mafungu mawili." Alimwonyesha mahali pa kuanzisha fungu jipya, na pembeni yake fungu la mwaka uliopita, lililoachwa katikati chini ya turubai. "Jipya ni lako. Lile la zamani ni la huyo mwenzako."

"Na malipo?"

"Malipo ni kwa kichwa," alisema msimamizi. "Kichwa nakiona kimoja."

Ikawa hivyo. Kila siku Hidaya alifanya kazi ya watu wawili, na mgongo wake ulijua. Lakini vidole havikuwa wageni katika kazi ile. Kila alipopita karibu na fungu la zamani, mguu wa kulia ulipinda wenyewe kuelekea huko. Siku moja mti mkubwa ulianza kuanguka ukiinama upande usiotarajiwa, na kabla hajasikia kelele, vidole vilikuwa vimeshajisukuma nyuma kwa nguvu. Alirudi hatua tatu. Mti ukalala pale alipokuwa amesimama. Wanaume walizima misumeno, wakatazama, wakaiwasha tena.

Jioni alirudi kwenye chumba chake juu ya duka la vitenge, barabara ya Chaussée de Wavre. Chumba kilikuwa na dirisha moja, na dirisha lilitazama ukuta. Kabla ya buti zile, Hidaya aliweza kumaliza juma zima akiwa amesema neno moja tu, bonjour, kwa dereva wa tramu, na dereva alikuwa nyuma ya kioo. Sasa alivua buti mlangoni, kama alivyolelewa, akazisogeza karibu na chuma cha kupashia chumba joto ili vidole visipate baridi. Alitawadha, akasali, akala dengu. Kisha akaviambia habari za siku. Alivisimulia kwamba dengu zimepanda bei, na kwamba mama mwenye duka amekata nywele. Vidole viligonga ngozi mara moja kama vimekubali, mara mbili kama vina shaka. Kuhusu nywele za mama mwenye duka viligonga mara mbili.

Katikati ya Januari, wakati wa kula, Zuberi alikuja kukaa kando yake kwenye gogo. Zuberi alikuwa mtu mzima wa Bujumbura, mkongwe kuliko wote pale kazini. Alitafuna mkate wake mpaka ukaisha, ndipo akasema.

"Binti, unatembea kama Chande."

"Chande ni nani, papa Zuberi?"

"Mwenye waya huo." Alielekeza kidole kwenye kamba ya buti. "Mtu wa Kigoma. Mimi ndiye niliyempa huo waya. Januari ya mwaka jana ilikuwa baridi ya kuua, na yeye hakuwa na buti, alikuwa na raba. Vidole vikaanza kufa. Alipopata fedha akanunua hizo, lakini alikuwa amechelewa. Siku moja alivua, mguu ukatoka, vidole vikabaki."

"Wakamfanyaje?"

"Wakampeleka hospitali. Sumu ilikuwa imeshapanda. Alifariki Machi." Zuberi alipangusa makombo. "Alikuwa mtani wangu. Nilikuwa namwambia, nyie Waha mnaogopa maji. Anasema, maji siogopi, hili dude jeupe ndilo silijui jina la ukoo wake."

Vidole vilitikisika kidogo ndani ya buti. Zuberi aliona, akatabasamu, akaipiga ngozi kofi dogo kama mtu anayemsalimu mwenzake begani.

"Ana mke," alisema. "Zaituni. Anakaa Evere. Nenda kamwone."

Jumamosi Hidaya alipanda basi mpaka Evere. Zaituni alikuwa mwanamke mrefu aliyesafisha maofisi, na nyumba yake ilikuwa safi kama ofisi. Hidaya alivua buti mlangoni, akazishika mkononi, akaeleza amekuja na nini. Zaituni alikaa chini. Aliipakata buti ya kulia, akatia mkono ndani mpaka kiwiko.

"Ndiyo," alisema baada ya muda. "Gumba lake hili. Na kucha hii! Chande, si nilikwambia? Si nilikwambia ukate kucha, unanitobolea soksi?"

Aliinuka akaleta kikatio cha kucha. Alikata moja moja, kwa kupapasa, na kila kipande alikiweka kwenye sahani. Alikuwa anamgombeza polepole, kwa sauti ya mtu aliyepumzika.

"Baada ya arobaini niligawa vitu vyake vyote sadaka," alimwambia Hidaya. "Hizi buti sikutia mkono ndani. Sikuweza, mdogo wangu. Watu wa jumuiya walichanga, mwili ukaenda Kigoma ukazikwa. Kumbe amekwenda nusu nusu."

"Nikuachie, dada?"

Zaituni alizitazama buti, kisha akatazama dirishani, ambako theluji ilikuwa inaanguka.

"Una nyingine?"

"Sina."

"Basi vaa. Tena yeye hapendi kukaa bure, ataniharibia nyumba kwa kugonga." Alisogeza sahani ya kucha pembeni. "Ila nina neno. Nilikwenda ofisi ya kazi, nikawaambia mume wangu kaumia kazini. Wakaniambia, mama, mumeo hajafanya kazi hata siku moja katika nchi hii. Nikawauliza, sasa chapati zangu zilikuwa zinakwenda wapi kila asubuhi? Faili wakafunga. Mimi hawanisikilizi tena. Wanamtaka mtu wa pale pale kazini, aje na kitu cha kuonyesha. Sitaki fedha yao. Nataka karatasi moja iseme Chande alifanya kazi. Nina watoto wawili, wataniuliza baba yao alikuja kufanya nini huku."

"Wanafungua lini?"

"Jumanne tu. Saa tatu mpaka saa sita."

Hidaya alirudi na basi. Alihesabu siku zilizobaki mpaka mwisho wa Februari, na Jumanne zote zilikuwa siku za kazi. Hakuviuliza vidole. Aliogopa vingegonga mara moja, na pia aliogopa vingegonga mara mbili. Juma hilo hakwenda ofisini, na lililofuata hakwenda. Alipanga kuni. Lakini fungu la zamani lilikuwa linakaribia kukamilika, na kadiri lilivyokaribia, vidole vilizidi kuwa vya baridi. Hata karibu na chuma cha joto havikupata moto. Jumanne ya tatu ya Februari alipanda tramu ya upande wa pili.

Ofisi ya kazi ilikuwa ghorofa ya sita. Karani alikuwa kijana mwenye adabu. Alivaa glavu mpya, akatia mkono ndani ya buti, akahesabu, akaandika: *vidole vitano, mguu wa kulia, kucha zimekatwa.*

"Namba yake ya kitambulisho?"

"Ya vidole?"

"Ndiyo."

"Havina. Ni vya Chande."

Karani alitazama kompyuta. Alisema kuwa Januari ya mwaka uliopita, mahali pale msituni, alifanya kazi mtu mmoja aitwaye Mbombo. Hidaya alieleza alivyoelezwa na Zuberi, kwamba Chande hakuwa na kadi ya kazi, msimamizi akamwandika kwa kadi ya Mbombo, Mkongo mmoja aliyekuwa ameacha kazi.

"Tuliliangalia hilo," alisema karani. "Mbombo tulimwita. Alikuja, akavua viatu, tukahesabu. Ana vidole kumi. Kwa hiyo hakuna aliyeumia."

"Na hivi hapa ni vya nani?"

"Hilo ni swali zuri, madame, lakini si la ofisi hii." Alimwandikia anwani ya ofisi ya vitu vilivyopotea. "Wataviweka miezi sita. Asipotokea mwenyewe, vitakuwa vyako kisheria."

Hidaya alimshukuru, akavaa buti yake. Akiwa barabarani alimpigia Zaituni simu akamweleza. Zaituni aliuliza tu kama walimshika kwa heshima.

"Kwa heshima, dada. Walivaa glavu mpya."

"Haya," alisema Zaituni. "Alhamdulillahi."

Jumatano asubuhi msimamizi alikuwa amekaa ndani ya gari lake na kitabu cha mahudhurio.

"Jana ulikosa," alisema. "Ule mkataba sasa hauwezekani. Labda mwaka ujao."

Hidaya aliomba kukiona kitabu. Msimamizi alimpa bila kusita. Alisoma polepole, kidole juu ya kila mstari. Katika Jumanne ile, mbele ya kila jina palikuwa na alama ya kuhudhuria.

"Hapa hakuna aliyekosa," alisema.

"Hakuna."

"Basi na mimi sikukosa."

"Wewe ulikosa. Nafasi yako niliiona tupu."

Alifunua kurasa kurudi nyuma, mpaka Desemba, akapita mpaka kwenye baridi iliyotangulia. Jina lake halikuwamo katika ukurasa wowote. Mbele ya mafungu mawili, la zamani na jipya, kila siku, tangu siku ya kwanza, palikuwa pameandikwa Mbombo. Mbombo hakuwa amekosa hata siku moja kwa baridi mbili mfululizo.

"Mimi ni yupi?" aliuliza Hidaya.

"Wewe bado hujaandikwa," alisema msimamizi. "Wanaandikwa wenye mkataba." Kisha, kwa kuwa hakuwa mtu mbaya, alichomoa glavu nyuma ya kiti akamnyooshea. "Kazi ipo mpaka Ijumaa, ukitaka. Siku hiyo lori linakuja kuchukua kuni."

Hidaya alizitazama zile glavu. Fungu la zamani lilikuwa limebakiza magogo yasiyofika ishirini likamilike, na mguu wa kulia ulikuwa umeshageuka. Alizichukua.

Alhamisi mchana, alipoweka gogo la mwisho, vidole vilipata joto. Lilikuja ghafla, likapanda mpaka goti. Hidaya alisimama akalingoja lienee. Kisha akaenda kwenye sanduku la vifaa, akachukua kopo la rangi nyekundu waliyotilia alama miti ya kukatwa, na brashi yake. Aliandika kwenye vichwa vya magogo, herufi moja kwa kila gogo, herufi kubwa zilizosimama wima kama alivyofundishwa Buyenzi. Kwenye fungu la zamani aliandika CHANDE. Kwenye jipya aliandika HIDAYA. Majina yote mawili yalikuwa na herufi sita, kwa hiyo mistari ilikwenda sawa. Zuberi alimshikia kopo.

"Hiyo N imepinda," alisema Zuberi.

"Gogo ndilo lililopinda, papa Zuberi."

"Haya, tuseme ni gogo."

Ijumaa lori lilikuja. Dereva alikuwa mtu wa vijijini, aliyejua kuni tangu utotoni. Alizunguka mafungu yote mawili na kitabu chake cha risiti, akasoma maandishi, akamwita msimamizi.

"Hidaya ni mti gani?"

Msimamizi aliyatazama yale majina, akaangalia saa.

"Andika tu kama ilivyoandikwa," alisema.

Dereva aligonga gogo la Chande kwa kifundo cha kidole. Lilitoa sauti ya wazi, kama mlango. Aligonga la Hidaya. Halikulia. Alilinusa, akatikisa kichwa, akaandika kwa muda mrefu akilowesha kalamu mdomoni. Karatasi zilikuwa tatu. Nyeupe alibaki nayo, ya bluu alimpa msimamizi, na ya njano, ambayo kwa desturi ni ya aliyepanga fungu, alimpa Hidaya.

Hidaya alikaa juu ya kisiki akaisoma. Ilikuwa na tarehe na mahali. Ilisema: *Chande, mita saba, imekauka, tayari kuwashwa. Hidaya, mita saba, bado mbichi, ingoje miaka miwili chini ya turubai.* Aliuliza kama ina mhuri, maana Zaituni angeuliza. Dereva akasema, ndiyo, huo hapo chini.

Lori liliondoka. Mifuko ya koti la Hidaya ilikuwa imelowa, na theluji ilikuwa imeanza tena. Alilegeza waya, akavua buti ya kulia, akaikunja ile karatasi mara nne na kuisukuma ndani mpaka mbele kabisa, upande wa Chande. Vidole vikaipokea, vikaibana.